Meno Yaliyoota Mlolongo

Mimi nina meno meupe, na kwa miaka mingi niliona haya kuwa nayo. Mama alikuwa akinisimamisha mbele ya wageni, mlangoni mwa chumba chetu cha kupanga kule Mlolongo, na kuniambia, "Hebu onyesha meno." Nami naonyesha, kama mbuzi anayeuzwa sokoni. Wageni wananikagua, wanatikisa vichwa. Halafu anaitwa mdogo wangu wa kiume, naye anakuja midomo ameifumba kabisa, mpaka mama amshike kidevu. Meno yake yalikuwa ya kahawia, na mengine yalikuwa na vishimo. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Mama ni mmoja, baba ni mmoja, sufuria ni moja. Imekuwaje?

Sikuwa na jibu, na walionizunguka walikuwa na majibu mengi mno.

Tulihamia Mlolongo kutoka Mwala miaka ya tisini ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Baba alikuwa amepata kazi ya kupasua mawe kwenye machimbo. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kule Mwala maji yetu yalitoka mchangani. Mto wetu ulikuwa mto mvua inaponyesha tu. Siku zilizobaki ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walichimba mashimo humo, wakangoja maji yajikusanye, kisha wakayachota kwa kata polepole yasitibuke. Mbuzi na punda walikunywa hatua chache kutoka hapo, na walichofanya baada ya kunywa sina haja ya kukieleza. Kupata kiluwiluwi ndani ya mtungi halikuwa jambo la kupigia kelele. Nilikunywa maji hayo tangu kuzaliwa, bila kuchemshwa, na nikaota meno haya.

Maji ya Mlolongo yalitoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Mama alipofungua mfereji wa ploti, ule wa wapangaji wote, kwa mara ya kwanza, aliyainua maji kwenye glasi kuelekea mwangani, akasema Mungu ametukumbuka. Hayakuwa na mchanga wala mdudu. Yalikuwa na ladha ya chumvichumvi kidogo, lakini nani alijali? Tena yalikuwa na baraka nyingine. Isyo, yaani mahindi na maharagwe, kule Mwala ilikaa motoni mchana kutwa na bado ikakupa kazi ya kutafuna. Hapa maharagwe yalilainika upesi hadi yakapasuka, na makaa yakabaki. Kila aliyetoka nyumbani kututembelea aliambiwa kwamba Mlolongo hata maji yanajua kupika.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemfundisha mama kuchemsha maji ya kunywa, na mama hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu. Kwao dawa ya magome ya miti huchemshwa mpaka ipungue nusu. Ikitolewa kabla ya hapo, wanasema hiyo ni chai, si dawa. Basi maji yetu nayo yakachemshwa mpaka yapungue nusu. Chini ya sufuria kulibaki ukoko mweupe, mgumu, ambao mama aliukwangua kwa kijiko na kutuonyesha. "Mnaona uchafu? Wote umebaki hapa." Tuliuona kwa macho yetu. Mimi niliwahurumia watoto wa majirani ambao mama zao walichemsha maji mara moja tu na kuyaondoa.

Mdogo wangu wa mwisho, msichana, alizaliwa huko huko Mlolongo. Alikunywa maji yale ya kuchemshwa tangu alipoanza kushika kikombe, na uji wake ulipikwa kwa maji yale yale.

Meno ya utoto ya kaka yake yalikuwa ya kawaida, au labda hatukuyaangalia vizuri. Alipofika darasa la kwanza yakaanza kung'oka, na yale mapya yakaota na weupe wa ajabu, weupe wa chokaa ya ukutani usio na mng'ao. Kabla ya mwaka kwisha yakaanza kuingia kahawia, mistari mistari kwanza, halafu jino zima.

Mama alimshuku mtoto. Alimsimamisha nje kila asubuhi, akamsugua meno kwa chumvi, akamsugua kwa makaa yaliyosagwa, mpaka mate ya mtoto yakawa mekundu. Alilia, nami nilichukia kumsikia akilia, na nilichukia zaidi kwamba sikujua wa kumkasirikia. Jirani yetu, mama wa mapacha, alisema kosa ni peremende ambazo madereva wa malori huwagawia watoto pale kwenye mizani ya kupimia malori. Baba alisema ni vumbi la machimbo. "Hata mimi nikitema mate natema mawe," alisema. Mwingine akatukumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mama hakumsalimia mwanamke huyo kwa muda mrefu sana.

Aliyenichanganya zaidi alikuwa mzee mmoja aliyeuza makaa nje ya ploti. Mama alimwonyesha mtoto, na mzee akaangalia mara moja tu.

"Hiyo ni meno ya huku," akasema. "Wa kwangu wote wako nayo. Mtazoea tu."

Ya huku! Kana kwamba meno ni udongo. Tulirudi ndani mama akinung'unika kwamba wazee wengine wamechoka kufikiri, na jioni hiyo akaacha maji motoni mpaka ikabaki robo ya sufuria.

Sikuwa mtoto tena wakati huo. Nilikuwa sekondari, nimefundishwa kwamba maji safi hayana rangi, hayana harufu. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye mtihani na kupewa alama. Nikilinganisha nilichofundishwa na nilichokuwa nikikiona mezani kwetu, nilihisi kama mtu aliyepewa hesabu ambayo majibu yake yamebandikwa kwenye swali jingine. Waliokunywa na mbuzi walikuwa na meno meupe. Walionyweshwa maji yaliyochemshwa kwa moto na maombi walikuwa na meno ya kahawia. Shuleni kwa mdogo wangu hali ilikuwa hiyo hiyo. Wenye meno meupe walikuwa wageni waliohamia juzijuzi, na wenyeji waliongea huku wameziba mdomo kwa mkono. Niliyaona hayo yote na bado sikuyaunganisha.

Likizo ilipofika tulimpeleka mvulana hospitalini, Machakos mjini. Mama alimbeba mdogo wangu wa mwisho, ambaye alikuwa anakaribia miaka mitatu, na mimi nikabeba mfuko wa chakula na chupa ya maji. Daktari wa meno alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alimfungua mtoto mdomo, akakwangua jino moja kwa chuma chembamba, akauliza tunaishi wapi. Alipoambiwa Mlolongo, akaweka chuma chini.

"Mama, hii si uchafu. Usimsugue tena. Hii ni maji."

"Maji gani?"

"Ya kisima. Maji ya chini huko iko na madini inaitwa floraidi. Kidogo inasaidia meno, lakini nyingi inaharibu. Inaingia kwa jino wakati bado liko ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo."

Mama alitabasamu. Nakumbuka tabasamu hilo kwa sababu alikuwa ameshinda kesi, au alidhani ameshinda. Alinyoosha mkono, nikampa chupa, akamwonyesha daktari.

"Daktari, haiwezi kuwa maji. Mimi nachemsha. Nachemsha mpaka inapungua nusu."

"Inapungua nusu?"

"Ee. Siku hizi hata zaidi."

Daktari alimtazama mama, akaitazama chupa, na nikaona anatafuta njia ya kulisema jambo.

"Mama, ukiweka supu iko na chumvi kwa moto, ipungue mpaka nusu, hiyo chumvi inaenda wapi?"

Kila mwanamke aliyewahi kupika analijua jibu hilo. Mimi nililijibu moyoni, na papo hapo nikataka kumtandika daktari yule makofi, pamoja na upole wake wote. Mama yangu aliamka kabla ya sisi kuamka ili atuchemshie maji hayo.

"Lakini kliniki walisema tuchemshe," hatimaye mama akasema, kwa sauti ndogo.

"Walisema ukweli. Kuchemsha kunaua vidudu. Hakuondoi hii."

"Kwa hivyo nichemshe ama nisichemshe?"

"Maji ya mto au ya mvua, chemsha. Ikitokota tu, toa. Ya kisima hata ukichemsha, floraidi inabaki tu. Usipatie huyu mdogo kabisa." Aliinamia mapaja ya mama, akamgusa mdogo wangu shavu. "Huyu kaka yake, ya mbele imeshatoka, hatuwezi kuirudisha. Lakini huyu, meno yake ya ukubwa inatengenezwa saa hii. Bado kuna nafasi. Mtafutieni maji ingine."

Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi. Mama alimimina maji ya chupa yote chini, taratibu, na mtoto akaanza kulia kwa sababu alikuwa na kiu. Hatukuwa na maji mengine. Mama akamtazama akilia, akanitazama mimi, kana kwamba mimi niliyekaa darasani ndiye ningejua la kufanya. Tulimnunulia soda.

Maji mengine Mlolongo tungeyatoa wapi? Mkokoteni wa maji ulijaza mitungi yake kwenye kisima hicho hicho. Mvua iliponyesha mama alipanga mabeseni chini ya paa, na yakajaa maji ya kijivu, kwa sababu paa zetu zote zilibeba vumbi la machimbo na la saruji. Aliyachuja kwa kitambaa, akayaacha yatulie, na bado chini kulikuwa na tope laini. Baba aliyanusa, akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, tumpe mtoto hayo. Lakini mvua ya Ukambani mnaijua ilivyo. Baada ya wiki chache hata hayo hatukuwa nayo.

Basi mdogo wangu wa mwisho akapelekwa Mwala kwa susu, yaani nyanya yetu, mama yake mama. Aliambiwa anaenda kuona mbuzi. Mama alimwacha asubuhi akiwa amelala, kwa sababu hakuweza kumuaga akiwa macho, na aliporudi Mlolongo aliketi kitandani na kiatu bado kiko mguuni. Mimi nilisema moyoni kwamba tumemwondoa mtoto kwenye maji masafi na kumpeleka kwenye maji ya mbuzi ili apone. Hata sasa nikiyaandika maneno haya naona kama yamegeuzwa juu chini.

Likizo iliyofuata mama alinichukua twende kumwona. Tulimkuta ameketi kwenye kivuli cha ghala, amekonda, magoti yamekuwa makubwa kuliko mapaja. Alikuwa ameharisha kwa muda, akapata nafuu, akaharisha tena. Aliponiona alinitambua. Alipomwona mama alimtazama kwa heshima, akamwambia, "Shikamoo, anti."

Mama aliitikia. Nilidhani angepiga kelele, lakini aliitikia tu, "Marahaba," kisha akaingia jikoni kwa susu, na huko ndiko kelele zilikotoka.

"Mama, si nilikuomba uchemshe maji?"

"Nichemshe na kuni gani? Kuni iko wapi hapa? Nikichemsha maji, chakula nitapika na nini?" Susu alikuwa amekasirika kweli. "Wewe ulikunywa hii maji. Ndugu zako walikunywa. Huyu msichana wako mkubwa alikunywa, muangalie meno! Sasa mmeenda kukaa kwa mawe, mmekuwa wazungu, maji yetu imekuwa sumu?"

"Sijasema ni sumu. Nimesema mtoto anaharisha."

"Na huko kwenu anakunywa nini? Si ulisema hiyo ndiyo sumu?"

Nilisimama mlangoni nikiwaza kwamba kila mmoja wao anasema kweli na bado mtoto yuko pale nje, amekonda. Maji ya huku yanaharibu tumbo na maji ya kule yanaharibu meno. Mtoto anywe nini? Hilo ndilo swali la pekee nililotaka lijibiwe.

Siku zile tulizokaa pale mama alikusanya kuni kama mtu anayelipiza kisasi. Alikwenda mbali, akarudi na mzigo, akaenda tena. Alimpeleka mtoto zahanati akapewa dawa, na tumbo likatulia. Usiku mtoto alilala na susu, kwa mazoea, na mama alilala upande wa pili wa ukuta bila kuvua leso.

Nilikuwa na hakika kwamba tutarudi naye Mlolongo. Nilikuwa nimeshafungasha nguo zake. Asubuhi ya safari mama alizitoa nguo mfukoni, moja moja, akazirudisha kambani.

"Tunamwacha?" nikauliza.

"Tunamwacha."

"Mama, amekonda. Anakuita anti!"

"Tumbo inapona," mama akasema. "Meno haiponi."

Nilimkasirikia. Nyumbani nikipiga mswaki nilikuwa nikijitazama kwenye kioo kwa chuki. Nilifikiri mama ameyapenda meno kuliko mtoto. Sasa nina watoto, nimefanya maamuzi yangu mabaya na mazuri, na bado sijui kama hasira ile ilikuwa ya haki. Jino bovu halijaua mtu. Kuhara kumeua watoto wengi pale Mwala, na makaburi yao nayajua. Lakini mama alikuwa amemwona mwanawe akifunga mdomo ili asicheke. Alikuwa amemwona akikataa kusoma kwa sauti darasani hadi mwalimu akamchapa. Labda kwake hicho nacho kilikuwa kifo cha namna fulani. Labda hakuwa na uhakika hata kidogo, na alichagua tu kwa sababu mtu hawezi kukaa bila kuchagua.

Msichana alirudi kwetu alipofika umri wa kuanza shule. Wakati huo baba alikuwa amepata tangi la plastiki na tulikusanya mvua kwa mabati mapya, na ya kisima tukayaachia nguo na sakafu. Alirudi akiongea Kikamba kitupu, mnene tena, mwenye kelele. Alimwita mama "mama" kwa sababu aliambiwa afanye hivyo. Jioni alikuwa akisimama langoni mwa ploti, na ukimuuliza anafanya nini anasema anamngoja susu.

Meno yake ya mbele yalipong'oka, mama aliacha kulala vizuri. Kila asubuhi alimwita mwangani, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Siku ncha ya jino jipya ilipochomoza mimi nilikuwapo. Ilikuwa nyeupe ya chokaa, isiyo na mng'ao. Tulikuwa tumeshaiona rangi hiyo.

Mama aliuachia mdomo wa mtoto. "Basi," akasema. Akakaa kwenye ngazi ya mlango akalia mbele ya ploti nzima, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mama wa mapacha alikuja akamshika bega, akauliza ni nani amekufa. Nami nilisimama pale nikifikiria ile miaka yote ya "anti," na yale magoti, na kuni, na sikuona hata kimoja kilichotusaidia.

Lakini jino liliendelea kushuka. Ncha ikaingia kahawia kama tulivyotarajia, halafu juu yake, karibu na ufizi, pakaanza kutokea kitu kingine. Kulikuwa na mstari, kama ule unaobaki ukutani maji ya mafuriko yakishapungua. Chini ya mstari jino lilikuwa la kahawia, na juu yake lilikuwa jeupe, lenye mng'ao kama langu. Meno yote mawili ya mbele yalikuwa hivyo. Tulilielewa bila daktari. Ncha ya jino ndiyo hutengenezwa kwanza, na ncha ile ilitengenezwa Mlolongo, kwenye uji wa mama. Sehemu ya juu ilitengenezwa Mwala.

Mama alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alimketisha mtoto mapajani, akachukua kioo kidogo cha baba cha kunyolea, akamshikia mbele ya uso.

"Ona hapa juu. Ona vile inang'aa. Kama ya dada yako."

Mdogo wangu alijitazama kwa makini, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Hapa juu ndio nilikuwa kwa susu?"

"Ee. Hapo ulikuwa Mwala."

"Na hapa chini?"

"Hapo chini ulikuwa bado na sisi."

Aliweka kidole chake kwenye ile sehemu ya kahawia, akakiacha hapo.

"Mimi napenda hii ya chini," akasema.

Mama aliendelea kumshikia kioo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na ndani ya kioo kile kidogo niliuona uso wa mama, ukitafuta la kumjibu.